Yai la Mshono Mmoja

Kwa heshima na taadhima, natangaza kuwa utawala dhalimu wa jikoni umepinduliwa leo mchana. Majeshi ya ukombozi yameingia kupitia dirishani, bila kumwaga damu. Mayai mawili yamewasili salama.

Tangazo hilo nililisoma chumbani kwa dada, nimesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa kunong'ona ili lisivuke ukuta. Majeshi yote yalikuwa mimi. Mayai yalikuwa ndani ya soksi yangu ya shule, tena iliyofuliwa, nisije kusingiziwa mengine. Dada alicheka akiwa ameziba mdomo kwa mto, tumbo lake la mimba likitikisika chini ya shuka.

Usidhani nilikuwa na furaha. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Likizo ile nilipelekwa kwa dada kwa sababu mimba ilikuwa imemchosha, na shemeji, dereva wa lori, alikuwa safarini. Dada anaishi kwa mama mkwe wake, mshonaji ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Sebule ndiyo karakana yake: cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, chaki za kukatia mezani, sare za shule zimening'inia kila mahali kama wanafunzi waliochoka kusimama mstarini. Futi ya kupimia haimtoki shingoni. Nadhani huoga nayo.

Huyo Fundi alikuwa amempiga dada marufuku kula mayai. Mayai, alisema, humfanya mtoto azaliwe na kipara. Nyama humnenepesha tumboni, kisha hatoki. Maharage huleta gesi, mtoto akakosa pa kulala. Parachichi sijui lilikosa nini, ila nalo lilihukumiwa. Vilivyobaki ni uji mwepesi, chai, mkate, na mboga za majani siku Fundi akiwa na moyo mzuri. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia dada kwamba damu yake iko chini, ale mayai na maharage. Fundi akasema nesi mwenyewe ni mtoto wa juzi, hajazaa hata paka.

Nilianza kwa njia za amani. Nilimweleza Fundi, kwa adabu zote, kuwa shuleni tuna mwalimu wa sayansi aliyekuzwa kwa mayai na ana nywele mpaka masikioni. Akaniuliza kama mwalimu huyo ndiye atakayezaa. Nikachukua yai, nikalichora uso na nywele nyingi kwa kalamu, nikaliweka kwenye kopo lake la vifungo. Alilitoa, akanitazama, akampa jirani. Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli, maana dada alikuwa ameketi palepale, macho yake yakilisindikiza lile yai hadi mlangoni, na midomo yake imepauka kama chaki ya Fundi.

Nilipofungua mdomo kumtetea, Fundi hakunipa nafasi.

"Msomi," alisema, "nikimpoteza mjukuu wangu huyu, utanilipa kwa kitabu gani?"

Basi nikarudia elimu niliyoipata bwenini. Shule yetu inakataza birika la umeme, kwa hiyo kila mwanafunzi anajua kupikia humo. Unatumbukiza mayai, unawasha, kitufe kikiruka unayatoa na kutokomea, maana matroni ana masikio ya popo. Ute unakuwa umeshika kidogo, kiini kinatiririka. Tunakilamba na kujiona matajiri. Sikuwahi kujiuliza kama kuna namna nyingine.

Kwa Fundi, matroni alikuwa Fundi, na birika lilikuwa lake la chai, jikoni nyuma ya sebule. Likichemka linanguruma. Cherehani ikikimbia inanguruma zaidi. Kwa hiyo mayai yangu yalipikwa kwa kipimo cha mshono. Fundi akishona pindo la sketi ya marinda, yai linatoka limeshika. Akishona mfuko wa shati, linatoka bado linafikiri. Mashine ikinyamaza tu, nazima, naopoa, naficha mayai kwenye soksi, soksi kwenye kiroba cha vipande vya vitambaa na kupita sebuleni nikipiga mluzi, msichana mwema anayekwenda kutupa taka. Kisha nazunguka hadi dirishani kwa dada na kuingia. Alikula siku baada ya siku, na mimi nilitazama kila tonge kwa raha ya mtu anayelipiza kisasi.

Mara ya mwisho Fundi alikuwa akishona kola. Kola ni mshono mfupi. Birika lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kunung'unika wakati mashine iliponyamaza.

"Kiroboto," dada aliniuliza alipolimenya, "hili si bichi?"

Nikamjibu, kwa sauti ya daktari bingwa, kwamba likiwa hivyo ndipo nguvu yake inakuwa hai. Akaniamini. Alilinywa zaidi kuliko alivyolila, na la pili vilevile.

Kesho yake asubuhi alianza kutapika na hakuacha. Tumbo lilimkata, mwili ukawa wa moto. Fundi aliiacha sindano imezama kwenye kitambaa, akamnyanyua dada kama robota la nguo, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Mimi nilibeba beseni.

Kliniki tulimkuta nesi yuleyule. Alimtundikia dada dripu, kisha akainama kumsikiliza mtoto tumboni, akakaa hapo mpaka beseni likanilemea.

"Moyo wa mtoto unapiga," alisema mwishowe. "Lakini mama ana homa kali. Nataka kujua alikula nini. Dawa nitakayompa inategemea hilo."

Dada akafumba macho. Alijua, na alikuwa ananifichia siri, sindano ya dripu ikiwa mkononi mwake.

Fundi akajibu yeye: uji, chai, mkate, na mboga za majani kidogo. Nesi akamgeukia, akamwambia yote niliyotaka mtu mzima amwambie tangu likizo ianze. Kwamba dada hana damu kwa sababu ana njaa, na njaa hiyo amepewa nyumbani. Kwamba kipara hakitoki kwenye yai. Nilikaribia kupiga makofi. Kisha akauliza kama mboga zilioshwa, na Fundi, mwanamke nisiyewahi kumwona akiyumba, akaanza kuivutavuta futi yake. Alisema aliziosha. Kisha akasema labda hakuziosha vizuri. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, akasema mtoto wake wa kwanza alikuwa mkubwa mno, akakwama, akatoka bila kulia, na wanawake waliokuwa chumbani walimwambia ameuawa na ulafi wa mama yake.

"Mimi nilitaka huyu apite tu," alisema.

Hasira yangu ilitafuta pa kusimama. Niliwakasirikia wanawake wale nisiowajua. Nilimkasirikia Fundi kwa kunilazimisha nimwonee huruma. Na bado nikalikumbatia beseni na siri yangu.

Fundi akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akapapasa kati ya pini na chaki, akatoa kitu kidogo na kukiweka kwenye shuka, karibu na mguu wa dada. Kilikuwa kipande cha ganda la yai.

"Hiki nilikikuta kwenye chai yangu asubuhi," alisema. Akanigeukia taratibu. "Msomi. Nani anataga kwenye birika langu?"

Shuleni ningesema panya. Nina majibu ya aina hiyo ya kutosha muhula mzima. Nesi alikuwa ameinua kalamu, anangoja.

"Mimi," nikasema. "Jana mchana, mayai mawili. Hayakuiva, kiini kilikuwa maji. Dada aliuliza, nikamdanganya kwamba ndiyo vizuri. Si mboga zako, Mama."

Nesi aliandika haraka, akaenda kuchukua dawa. Mlangoni aligeuka na kusema yai halina kosa, kosa ni ubichi: mjamzito ale yai ambalo kiini kimekuwa kigumu, nyama iliyoiva kabisa, maziwa yaliyochemka. Alitutazama sote wawili kwa zamu, na sote wawili tukaitikia.

Fundi akaweka mkono juu ya paji la dada.

"Ningekuruhusu," aliniuliza, "ungeyaivisha?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Lawama yote ingerudi kwake, na mimi ningebaki mkombozi.

"Hapana, Mama," nikasema. "Sijui yai linaiva lini. Bwenini hatujawahi kungoja."