Stara ya Ashatu

Naila alikuwa na hofu tangu walipopita juu ya Kerege, na hofu yenyewe hakumwambia mtu. Rubani akisema anaogopa, wenzake wafanye nini, washuke? Akaipitisha helikopta ya wagonjwa chini ya mawingu meusi, huku mhudumu wake, Muzammil, akipanga chupa za dripu nyuma kama muuza duka asiye na habari.

Kiwangwa kulikuwa na mzazi, jina lake Ashatu. Alikuwa amejifungua alfajiri na damu haikatiki. Mvua imekata barabara, gari la wagonjwa limekwama matopeni. Nesi wa zahanati hakuzunguka maneno: asipofika Dar mchana huu, tuandae sanda.

Walipofika juu ya uwanja wa mpira ulio jirani na zahanati, Naila alichungulia chini, moyo ukamlipuka. Wanawake walikuwa wamesimama duara, kila mmoja kaikunjua khanga na kuishika ncha, wamemzungushia mgonjwa ukuta wa nguo. Pembeni, kijiji kizima kimekuja kutazama. Ndivyo mwanamke anavyositiriwa, na Naila, mtoto wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, asingethubutu kuwacheka. Lakini khanga moja tu ikinaswa na panga la juu, helikopta inaanguka pale pale, juu ya hao hao wanaositiri.

"Wazishushe!" alimwambia nesi kwa simu iliyounganishwa na hedifoni yake.

Akajibu mtu mwingine. "Mimi Biubwa, mama mkwe wa mgonjwa."

Adabu ni adabu hata ukiwa unaning'inia angani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Khanga hatushushi. Mkwe wangu hana nguo ya maana mwilini, na wanaume wamejaa hapa kama harusini."

Naila akatupa jicho upande wa baharini. Mvua ilikuwa inakuja, tena si ya kutania. "Mama, wanaume wageuke, wote, watupe migongo. Halafu khanga zitandikeni chini mzikalie. Asinyanyuke mtu."

"Hilo limekubalika," alisema Bi Biubwa, na bila kukata simu akawapigia wanaume ukelele uliomuumiza Naila masikio. Wakageuka, wazee kwa vijana, wakawa wanatazama mikorosho. Wanawake wakazikalia khanga zao. Naila akatua, mapanga yakiendelea kuzunguka, maana kuzima na kuwasha tena kungekula muda ambao Ashatu hakuwa nao. Muzammil akashuka ameinama, yeye na nesi wakainyanyua machela.

Hapo ndipo Naila alipomwona mzee kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amejitenga na wanaume wenzake, kikapu cha nguo za mgonjwa mkononi, anakuja kinyumenyume. Huyo ni Mzee Bwanausi, baba mkwe wa Ashatu. Baba mkwe amwone mke wa mwanawe katika hali ile? Afadhali ardhi immeze. Basi mzee wa watu alileta kikapu kwa heshima zote, mgongo mbele, hatua kwa hatua, akielekea moja kwa moja kwenye panga dogo la mkiani, lile linalozunguka kwa kasi hata halionekani.

Naila akapiga kelele. Nani amsikie kwa mngurumo ule, hata simuni? Akitoka, mashine inabaki haina mtu. Akizima, panga halisimami papo hapo. Akinyanyuka, machela iko nusu ndani, nusu nje. Na ni yeye, si mwingine, aliyewaambia wageuke.

Akafanya lile lililobaki. Alimwonyesha Bi Biubwa, aliyekuwa amekaa mbele ya helikopta, simu bado mkononi, kidole kilichoelekea nyuma. Bibi akakifuata kidole kwa macho, akaona, akanyanyuka. Na khanga yake ikanyanyuka naye.

Bi Biubwa alikimbia ameinama kama alivyomwona Muzammil, akamdaka mumewe kwa kanzu, akamvuta, wote wawili chini, na kikapu juu yao. Khanga ikapita mbele ya uso wa Naila, ikapanda, ikapotea juu. Naila akafumba macho. Akaanza kutoa shahada, akisubiri kishindo.

Kishindo hakikuja. Alipofumbua macho, ng'ambo ya uwanja mama mmoja alikuwa ameilalia khanga kifudifudi, upepo wa mapanga umeitupia huko. Muzammil alikuwa ameshaingia na mgonjwa na kufunga mlango.

Wakapaa. Mvua ikawafikia njiani, ikaipigapiga helikopta kwa hasira. Naila hakuthubutu kuuliza. Nyuma kulikuwa kimya, na kimya cha mtu anayevuja damu kinatisha kuliko mayowe. Alishika usukani, akaitafuta Dar kwenye ule weupe, akiwa na hakika kwamba anamsafirisha maiti.

"Naila," Muzammil aliita kwenye hedifoni.

"Sema."

"Damu imepungua. Kafumbua macho, anauliza kitu."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama baba mkwe wake kamwona."

Naila akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Hajamwona," alisema. "Mwambie wallahi hajamwona. Mwambie mimi ni shahidi."