Miezi Minane kwenye Mwimo wa Mlango

Fundi bomba alipanda mlima ule akiwa na hamu moja tu: kuitwa baba. Si mbele za watu, wala si kila siku; hata mara moja ingemtosha. Miezi minane ilikuwa imepita tangu amwoe mama wa binti yule wa miaka saba, na binti bado alimwita "Fundi", kama mtu aliyekuja kuziba bomba akasahau kuondoka. Baba mzazi, dereva wa lori, alifariki binti akiwa na miaka minne. Hakuna aliyemlaumu mtoto. Lakini inauma, tusidanganyane.

Nyumba ya wageni waliyofikia watatu hao kwa mapumziko ilikuwa ya mawe, kuukuu kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai pale mlimani, yenye vyumba sita vya familia na ngazi zinazolalamika ukizikanyaga. Ukilipia kitanda, unapata na chai ya asubuhi, pamoja na maneno ya bibi mwenye nyumba, ambayo hayakuwa na kipimo.

Asubuhi ya kuondoka uzalendo ulimshinda fundi wetu. Bomba la bafuni lilikuwa linakoroma tangu walipofika, naye akalifungua hata kabla ya kupiga mswaki.

"Si tulisema tumekuja kupumzika?" mke wake alimwuliza.

"Ndiyo napumzika hivi," alijibu kutoka chini ya sinki.

Binti alimshikia spana, na maji yalipomrukia fundi usoni akacheka mpaka akakaa chini. Fundi alishuka kunywa chai akiwa amelowa na mwenye furaha.

Walipomaliza kula, bibi aliwaita kwenye mlango wa jikoni. Mwimo wake wa mbao ulijaa mistari ya penseli kutoka chini hadi juu: urefu wa kila mtoto aliyewahi kulala pale, umri wake, na ni mtoto wa nani. Mistari ya zamani iliandikwa na mama mkwe wake. Majina hawakuyaandika, bibi alisema majina hufanana, ila kazi za watu anazikumbuka. Mtoto wa mshona viatu, miaka mitano. Mtoto wa mkunga, miaka tisa.

"Huyo wa mkunga juzi kaniletea wajukuu," bibi alisema. "Haya, simama wima mama. Mtoto wa nani wewe?"

Fundi akajifanya anatazama kikombe cha chai mkononi.

"Wa dereva," binti alisema.

Bibi akaandika. Fundi alijikaza, akatoa tabasamu la kubandika. Jibu lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomkata maini. Mkewe alimshika bega.

Lakini binti hakuondoka mlangoni. "Na huyu naye apimwe."

"Mjukuu wangu, watu wazima hawapimwi. Hawaongezeki tena, labda tumbo."

"Huyu ndiyo kwanza anaanza."

Akamvuta fundi kwa mkono uliokuwa bado na grisi, akamsimamisha kwenye mwimo. Ikabidi bibi apande kigoda.

"Haya, niandike nani?"

Binti alihesabu kwa vidole, taratibu, kuanzia mwezi wa harusi.

"Andika baba. Miezi minane."

Fundi alitazama dari, midomo ikimcheza.

"Usitingishike," binti alimwambia. "Utaharibu mstari."