Duka Moja la Sare

Mwalimu Hedwiga alifika shuleni akakuta mkasi ukifanya kazi getini. Damien, mwalimu wa nidhamu, alikuwa amemsimamisha msichana wa darasa la kumi na mbili ukutani, akikata nyuzi za nembo kwenye mfuko wa koti lake. Hakuwa akikata kwa uangalifu. Nembo ilipotoka ilitoka na kipande cha kitambaa, pakabaki tundu ambamo bitana ilichungulia. Wanafunzi wengine walipita pembeni wakitazama viatu vyao. Kisha Damien akamwamuru msichana avue koti lote, kwa kuwa halikununuliwa dukani.

Ulikuwa mwezi wa Juni, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Hedwiga aliuliza kuna nini. Damien alimjibu, huku akitia nembo mfukoni, kwamba hiyo ni amri ya mkuu na yeye anatekeleza tu.

Msichana aliitwa Falonne. Baba yake, Gustave, alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye chumba cha kazi katika mtaa wa La Rochelle, na koti lile alilishona yeye, na nembo akaitarizi kwa mkono. Miaka yote wazazi walikuwa wakishonesha sare kwa fundi wanayemtaka. Mwanzoni mwa mwaka huu ikaja amri mpya: koti linunuliwe kwenye duka moja tu, lililo chini ya jengo la shule yenyewe hapo Fordsburg. Duka lilikuwa la shemeji yake mkuu wa shule. Kabla muhula wa kwanza haujaisha, bei ya koti ilikuwa imepanda maradufu.

Mkuu huyo, Rajab, ndiye pia aliyekuwa mwenye shule. Alizaliwa Mombasa, akasomea Pune, na alirudi kutoka India akiupenda mtaala wa kule kuliko wowote, kwa hiyo madarasa mawili ya juu yalifundishwa kwa mtaala huo. Hedwiga ndiye aliyefundisha uchumi. Alikuwa mtu wa Songea. Mumewe Thabo alikuwa mkimbizi wa kisiasa Tanzania, na nchi yake, Afrika Kusini, ilipofunguka walikuja huku pamoja, wakamzaa Lerato. Mwaka wa kwanza aliwafundisha wanafunzi takwimu na jinsi India ilivyojenga uchumi wake baada ya uhuru, mipango ya miaka mitano, leseni, viwanda vya serikali. Mwaka wa pili alifundisha mahitaji na ugavi, aina za masoko, pato la taifa, benki na bajeti.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya masoko.

Falonne aliingia darasani na shati tupu, mikono ameificha kwapani. Hedwiga alivua sweta lake akamvisha, akaenda ubaoni. Alijua kwamba akisema neno kuhusu lile koti sasa hivi sauti itamtoka vibaya, basi akaanza somo. Alieleza soko lenye wauzaji wengi, ambapo hakuna anayeweza kujipangia bei. Akaeleza ukiritimba: muuzaji mmoja, bidhaa isiyo na mbadala, na ukuta unaowazuia wengine wasiingie. Akaomba mfano.

Kijana mmoja alitaja umeme. Mwingine akataja reli. Falonne akasimama bila kunyoosha mkono.

"Duka la sare hapo chini," alisema. "Muuzaji ni mmoja. Mbadala haupo. Na ukuta ni Mwalimu Damien na mkasi wake."

Hakuna aliyecheka. Hedwiga alitakiwa kumwambia akae, na badala yake akamwuliza mahitaji ya hilo koti yana unyumbufu kiasi gani. Falonne akajibu kwamba hayana kabisa, kwa sababu mzazi hawezi kuamua mtoto asome nusu uchi, hivyo bei ikipanda atakula kidogo lakini koti atanunua. Alisema hayo huku meno yakimgongana, na haikueleweka kama ni kwa baridi au kwa hasira. Mtaala uliwataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho kufanya utafiti mmoja wa soko kwa alama za mtihani. Falonne akasema wake ni huo. Hedwiga akamkubalia hapo hapo, mbele ya darasa.

Habari zilifika ofisini kabla ya chai. Rajab alimwita Hedwiga, akamkaribisha kiti, akamwagizia kahawa. Alikuwa mtu mpole wa maneno. Alisema anamheshimu sana, lakini utafiti wa aina hiyo ungesomwa na watahini wa nje, nao watadhani shule ina mgogoro. Msichana achunguze soko la vitunguu, au simu. Kuhusu sare, alisema, yeye alitaka usawa tu, mtoto wa tajiri na wa maskini wavae koti moja.

"Ulisoma mwenyewe kitabu ninachofundisha," Hedwiga alisema. "Unajua duka kama lile humo linaitwaje."

"Mama Lerato, kitabu ni cha mtihani. Shule ni biashara."

"Basi ningekuomba uje darasani uwaambie hivyo, maana mimi nimekuwa nikiwafundisha kitu kingine."

Rajab alimkumbusha, bado kwa upole, kwamba mkataba wake unafikia mwisho Desemba. Hedwiga aliiacha kahawa pale pale. Kilichomkera zaidi kuliko kile kitisho kilikuwa kahawa: kwamba mtu alidhani anaweza kumvua mtoto koti asubuhi, na saa nne akamimina sukari kwenye kikombe cha mwalimu wake.

Alitarajia Gustave atamwomba bintiye anyamaze. Wakongo wengi aliowajua walikuwa wamechoka kwa foleni za vibali, na hawakutaka ugomvi na mtu yeyote mwenye mhuri. Na kweli, Falonne alisema baadaye kwamba jioni ile baba yake alianza hivyo hivyo, kwamba sisi ni wageni hapa, amalize shule kwanza. Ndipo akaomba kuliona koti, alilorudishiwa Falonne wakati wa kutoka. Aliligeuza chini ya taa ya cherehani, akaingiza kidole kwenye tundu, kisha akaanza kulipiga pasi.

Kesho yake alikuja shuleni amevaa suti ya kanisani, koti amelikunja mkononi. Hedwiga aliingia naye ofisini bila kualikwa, na Falonne nyuma yao. Gustave alilitandaza koti juu ya meza ya mkuu.

"Chef, hii koti nilishona miye mwenyewe," alisema kwa Kiswahili cha kwao, akimwita mkubwa kwa Kifaransa. "Nioneshe fasi gani iko mubaya."

Rajab alilitazama. Hapakuwa na mahali pabaya pa kuonyesha. Mishono ilikuwa imenyooka, kola imekaa, na kitambaa kilikuwa kizito kuliko cha dukani. Alitabasamu, akasema haya ni mambo ya kuzungumzika, kwamba yeye si adui wa mtu. Kisha akatoa pendekezo ambalo Hedwiga hakulitarajia. Alikuwa amechoka na shemeji yake, alisema, makoti yake yanarudishwa kila wiki. Kwa nini Gustave asichukue kazi yote? Makoti ya shule nzima, yeye peke yake, kwa bei ile ile ya dukani, na sehemu kidogo irudi shuleni. Halafu msichana abadilishe utafiti wake.

Hedwiga alimwona Gustave akihesabu kwa vidole. Kazi ya shule nzima ingemtoa kwenye kile chumba; ingemletea mashine nyingine, labda na watu wa kumsaidia. Falonne naye alikuwa amemwona.

"Papa," alisema, "ukikubali, miye sitavaa koti yako hata siku moja."

Gustave alimgeukia mkuu. Akasema, "Kwanza uombe mutoto yangu pardon. Nyuma ya pale tutaongea kazi."

Rajab aliondoa tabasamu. Alisema mkuu wa shule haombi msamaha kwa mwanafunzi. Gustave akalikunja koti taratibu, mkono mmoja juu ya mwingine kama anavyomkunjia mteja, akatoka.

Hasira yake haikuwa ya kelele. Jumapili baada ya misa aliwakusanya mafundi wa La Rochelle na Rosettenville kwenye uwanja wa kanisa: Ignace wa suruali, Mama Victorine wa magauni, Waburundi wawili na Mmalawi mmoja. Gustave alimpa kila mmoja kielelezo cha koti, alichokikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu, pamoja na mchoro wa nembo. Mama Victorine alimwuliza kama ana wazimu, kuwagawia wenzake riziki aliyoletewa mezani. Gustave alimjibu kwamba akilishona peke yake atakuwa yeye sasa ndiye mwenye mkasi. Maneno hayo Falonne alimpelekea Hedwiga.

Wazazi walikuwa wakisubiri kitu kama hicho bila kujua. Mafundi walitoza kila mmoja bei yake, na kwa kuwa walikuwa wengi bei ilishuka yenyewe. Mwezi wa Julai shule zilipofunguliwa, getini walifika watoto wenye makoti ya mitaani, darasa kwa darasa, mengine mikono mirefu kidogo, mengine nembo imeinama. Damien alimshika wa kwanza, akamshika wa pili. Akina mama waliowaleta hawakuondoka. Mmoja, Mkongo mwenye duka la nywele, alisogea akamwambia akianza kukata, na akate yote, wao watasubiri. Damien alitazama juu kwenye dirisha la ofisi. Pazia halikutikisika. Akawaacha waingie.

Jioni ulitoka ujumbe kwenye simu za wazazi kusema sare inaweza kupatikana popote, mradi rangi iwe sahihi. Ujumbe haukutaja makosa yoyote. Shemeji alifunga duka kabla ya Septemba.

Hedwiga alidhani atafurahi. Alifurahi siku moja. Halafu alipomwona Rajab akiwasalimia wazazi mlangoni, akisifu makoti kana kwamba wazo lilikuwa lake, hasira ilirudi kifuani ikakaa. Falonne alimaliza utafiti wake: alihoji wazazi na mafundi, akachora mikondo ya bei kabla ya amri na baada yake, na jina la duka hakulificha. Rajab aliomba alama zipunguzwe kwa kuwa lugha ni kali. Hedwiga aliandika alama alizostahili msichana, akatia sahihi, akazituma kwa watahini mwenyewe.

Desemba mkataba wake haukuongezwa. Rajab alimnyooshea mkono, akasema hakuna ubaya. Hedwiga aliutazama mkono ule bila kuupokea.

"Ubaya upo," alisema. "Wewe unaupigia hesabu, sisi tunauvaa. Na yule mtoto hujamwomba msamaha mpaka leo."

Aliteremka na sanduku la vitabu vyake. Barabarani Falonne alikuwa akimsubiri pamoja na baba yake, wamekuja na gari la Ignace kumbebea mizigo. Msichana alimwuliza sasa atafanya nini. Hedwiga alisema hajui, atatafuta shule nyingine. Ila asimwombe atulie, maana hajatulia. Gustave akamwambia Ignace awashe gari.