Ukiitwa na Usiyemwona

Mimi ni msusi, na kwa miaka yote niliyobana vichwa vya watoto katikati ya magoti yangu nimetumia dawa moja tu ya kuwatuliza, nayo ni kuwatia hofu. Peremende huisha mdomoni kabla hujamaliza mstari wa pili. Kofi huleta kilio, na kilio hutikisa kichwa. Lakini mtoto aliyeogopa hukaa tuli, nikasuka mistari iliyonyooka mpaka mama yake akauliza nimempa nini.

Kwa hiyo nilipovuka bahari kwenda kumtembelea mwanangu, dawa hiyo nilikwenda nayo. Pale uwanja wa ndege walinipekua mpaka soli za viatu, lakini hiyo hawakuiona.

Mwanangu ni fundi wa lifti. Mkewe ni muuguzi, mwanamke mpole anayeniita Mama hata pale anaponikatalia jambo. Wana mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza ameanza shule, na tangu azaliwe hajawahi kukaa mahali akatulia, ndiyo maana baba yake akambandika jina la Siafu. Mimi nilimwita mke mwenzangu. Babu yake tulishamzika zamani, lakini hilo halikutuzuia kumgombania. Aliniambia mume ni wake kwa sababu mimi nimezeeka, na mimi nikamwambia asiyejua hata kufunga kamba za viatu hawezi kutunza mume.

Nilimsuka sebuleni, karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nywele zilikuwa nyingi na laini, na mwenye nywele akawa anajipinda huku na huku. Nikamsimulia habari za Mwitaji, kama mama yangu alivyonisimulia mimi.

Mwitaji hana sura. Anakaa mahali ambapo macho hayafiki, gizani, nyuma ya ukuta, ndani ya moshi. Anachukua sauti ya mtu unayempenda na kukuita jina lako, kwa upole kabisa. Ukiitika amejua ulipo.

"Sasa nifanye nini?" Siafu aliuliza. Kichwa kilikuwa kimetulia tuli.

"Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Rudi nyuma taratibu, uende mbali na sauti, uzibe mdomo. Akichoka atanyamaza. Akishanyamaza, ndipo umwite mtu wako."

"Na akiita kwa sauti ya baba?"

"Hasa kwa sauti ya baba."

"Na yako je, bibi?"

"Hata yangu. Mpaka unione kwa macho."

Mistari siku ile ilinyooka mpaka nikajisifu mwenyewe. Nikamalizia kwa kumvisha shanga za mbao kwenye ncha za nywele, kubwa kubwa, za kugongana. Kila alipokimbia ukumbini zililia tak tak tak, nami nilijua alipo bila kuinua macho kwenye chai yangu.

Mkwe wangu alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alikuja akifuta mikono, akasubiri mtoto atoke.

"Mama, nakuomba. Hizo hadithi usimsimulie. Ana moyo mwepesi, kila kitu anakiamini."

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Kusikia nilikuwa nimesikia. Mwisho wa wiki tulikwenda mashambani, kwa rafiki wa mwanangu, mfuga kondoo mwenye nyumba ya mawe juu ya mteremko. Tulipita vilima vya kijani na kuta fupi za mawe zilizogawa malisho, na nikakiri kimoyomoyo kwamba nchi ya watu ni nzuri. Asubuhi yake nywele za mbele zilikuwa zimefumuka kwa kulalia. Nikamketisha Siafu kitandani kuzirekebisha, naye akaanza kujipinda, anataka kwenda kuwaona wanakondoo. Nikatazama mlangoni. Nikamnong'oneza habari za Mwitaji tena, tangu mwanzo, na nikaongeza kwamba huku mashambani ndiko kwao.

Ukungu ulishuka baada ya chakula cha mchana. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilikuwa dirishani natazama zizi, na zizi likafutika. Kisha ukuta ukafutika, na mti uliokuwa karibu na mlango. Mwenyeji wetu alisema kitu kwa lugha yao, mwanangu akacheka na kunitafsiria kwamba huku ni kawaida, hauchelewi kuondoka.

Mkwe wangu akauliza, "Siafu yuko wapi?"

Buti zake za mvua hazikuwepo mlangoni. Mwanangu akatoka kizingitini akaita. Aliita kama mtu anayemwita mtoto chakulani, bila wasiwasi. Hakuna aliyejibu. Akaita tena kwa nguvu zaidi. Mkewe akampita akiwa hajavaa koti, naye akaanza kuita.

Nilitoka nyuma yao nikiwa nimejifunga kanga juu ya sweta, na baridi ikanipata mpaka kwenye fizi. Nilinyoosha mkono nikakosa vidole. Tulipita zizini, hayupo. Mfugaji alikuja na mbwa wake, nikapata matumaini, lakini mbwa yule alisomea kondoo tu. Alitukusanyia kondoo watano mbele yetu, akakaa akisubiri kusifiwa.

"Chini kuna bwawa," mwanangu alisema.

Hakumwambia mtu yeyote. Yalimtoka tu. Mkewe aliyasikia, na tangu hapo akaacha kuita jina na kuanza kupiga kelele zisizo na maneno. Tukateremka. Majani yalikuwa yanateleza, mimi nikishika ukuta wa mawe kwa mkono mmoja, na moyoni nasema maneno ambayo mtu husema akiwa hana kingine cha kufanya. Mfugaji aliinama akaokota kitu, akakiweka kwenye kiganja cha mwanangu. Ilikuwa shanga ya mbao.

Basi wakaita wote kwa pamoja, baba, mama na mfugaji aliyelitamka jina vibaya. Walipositisha ili kuvuta pumzi, niliisikia.

Tak tak.

Ilitoka mbele yetu, chini kidogo. Nilizivisha mimi shanga zile, mlio wake naujua. Mtoto alikuwa karibu kiasi cha kutupiwa kiatu. Nilifungua mdomo niseme nimemsikia, na mwanangu akaita tena kwa sauti iliyopasuka, "Siafu! Ni baba!"

Tak tak tak. Mbali zaidi. Chini zaidi.

Nilisimama. Alikuwa anatusikia vizuri kabisa. Alikuwa anafanya nilichomwambia, anarudi nyuma taratibu, amejiziba mdomo, na nyuma yake kuna bwawa. Kila walipomwita walikuwa wanamsukuma majini.

"Nyamazeni," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Mkwe wangu alikuwa anavua viatu. Nilimshika mwanangu shingoni kwa nyuma, kama nilivyomshika alipokuwa mdogo na mtundu, nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

"Nyamazeni wote. Anatusikia. Anatukimbia."

"Mama, unasema nini?"

Hapo ningeweza kusema jambo lingine. Niseme nimeota, niseme wazee tuna hisia zetu. Mkwe wangu alikuwa ananitazama, kiatu kimoja mkononi, na nilijua nikishalisema hili sitakuwa tena Mama kwa namna ile ile.

"Nimemfundisha asiitike akiitwa na asiyemwona. Arudi nyuma. Nilimwambia hata ikiwa sauti ya baba yake." Na kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, nikamalizia. "Nilimwambia tena leo asubuhi."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Sasa?"

"Tunyamaze. Tukinyamaza ataita mwenyewe."

Mwanangu alimwonyesha mfugaji ishara ya kidole mdomoni, na mfugaji akamshika mbwa pua. Tukasimama. Kukimbia huku ukiita angalau ni kazi, mwili unapata la kufanya. Sisi tulisimama kwenye weupe ule tukiwa na mtoto kando ya maji, na kazi yetu ikawa kutomwita. Mkwe wangu aliuma ukosi wa blauzi yake. Nilisikia meno yangu yakigongana nikayafunga kwa nguvu.

Tak.

Kisha maji. Si kishindo kikubwa, ni ule mlio wa mguu ulioingia. Mwanangu akaruka mbele na mimi nikamng'ang'ania koti kwa mikono yote miwili. Mpaka leo sijui nilipata wapi nguvu zile. Kama nilikosea, nilikuwa nawashika wazazi wakati mtoto wao anazama. Hilo nililijua nikiwa nimelishika lile koti, na sikuliachia.

Kimya kikarudi, kikakaa. Nikaanza kuamini kwamba nimemuua.

"Bibi?"

Sauti ilitoka kwenye ukungu, upande wa bwawa, nyembamba na ya upole. Mwanangu na mkewe wakanigeukia.

Nami sikuitika.

Nitasema ilivyokuwa. Kwa dakika ile sikumwogopea mtoto, nilimwogopa Mwitaji. Mama yangu alinisuka hofu ile kichwani kabla sijang'oa meno ya utoto, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwitikia nisiyemwona. Mume wangu alijua, alikuwa anakuja mpaka mlangoni ndipo aniite. Sauti ilikuwa ya mjukuu wangu, inaita kwa upole kabisa kutoka majini, na ulimi wangu ulikuwa umekauka kama kipande cha ubao.

"Bibi, amenyamaza?"

"Mama," mkwe wangu alisema. "Mwitikie."

"Abee," nikasema. "Abee, mke mwenzangu."

Maji yakatikisika. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Sikuoni."

"Nakuja unione. Usirudi nyuma tena. Simama hapo hapo."

"Usiongee basi. Njoo tu."

Alikuwa na akili kuliko mimi. Nikaziba mdomo nikaenda. Nyasi ziliisha, likaja tope, kisha maji yakaingia kwenye viatu, yakapanda kwenye vifundo, yakauma miguu mpaka sikuisikia tena. Sikuona kitu. Nilitembea kuelekea pale nilipokuwa nimeisikia sauti, mikono mbele, na katika kila hatua nilisubiri kushikwa na kitu kisicho na sura. Kisha nikaona buti za mvua, na juu yake goti, na juu yake mjukuu wangu amesimama ndani ya maji, mikono yote miwili mdomoni.

Alinitazama kwanza. Alinikagua, uso, kanga, mikono. Kisha akanirukia shingoni, shanga zikanigonga meno.

Nyumbani kwa mfugaji walimvua nguo zote wakamfunga blanketi mbele ya moto. Mkwe wangu alimpima mapigo na kumsugua miguu. Mwanangu aliniletea chai, akaiweka mezani bila kuniangalia. Nikafikiri, watanipakia kwenye ndege, na watakuwa na haki. Nilianza hata kukunja nguo zangu.

Kisha mkwe wangu akaenda jikoni kuchota supu. Kutoka huko akaita, "Siafu, unataka mkate?"

Mtoto alikuwa amekaa kwenye zulia. Aligeuza macho kwenye mlango mtupu. Polepole akatoa mikono kwenye blanketi, akajiziba mdomo, na kuanza kusogea nyuma, kuelekea kwenye moto.

Nikawahi kumshika. Mama yake alikuja na bakuli, akasimama mlangoni, akaona. Supu ilimmwagikia mkononi na hakushtuka.

"Mwitikie mama yako," nikamwambia Siafu. "Ni mama. Nilikudanganya, hakuna Mwitaji."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalisema kwamba hayo ndiyo maneno ambayo Mwitaji mwenyewe angeyasema.

Usiku huo huo nilimwambia mkwe wangu kwamba nitaondoka mapema, ili wapumzike. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka.

"Huondoki," alisema. "Utakaa kwetu mpaka mwanangu aitike akiitwa. Umeiweka wewe, Mama, utaitoa wewe."

Ndiyo maana bado niko huku, na baridi imenizoea. Nywele zake namsuka kimya. Kila asubuhi Siafu anakaa chumbani kwake, mimi nasimama ukumbini nyuma ya mlango uliofungwa, namwita kwa upole kabisa, na nikijisikia ninavyoita, mimi mwenyewe naogopa.

Leo nimemwita. Shanga zimelia, tak tak, zikisogea mbali na mlango. Nimefungua anione. Kisha nimeufunga tena, nikaanza upya.