Koti la Uingereza

Kavumbi alizitandaza juu ya mkeka barua mbili za vyuo vilivyomkubali bintiye. Kiingereza hakukijua, ila tarakimu alizisoma; masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, jioni pale Marafa yalikuwa yamemfunza. Ya Uingereza: ada shilingi elfu themanini kwa mwaka, chakula mbali. Ya chuo cha Pune, Bara Hindi: miaka mitatu yote, pamoja na chumba na ndege, elfu arubaini na tano. Harambee ya kanisani, mwaka ule wa themanini na tatu, ilikuwa imeingiza elfu hamsini na mbili.

"Priscilla, mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, mama. Wanafunzi wa kigeni wamepandishiwa ada. Hesabu ya baba ni ya watu waliokwenda zamani."

"Mbona ukanyamaza?"

Binti akatazama ukutani, lilikotundikwa koti zito la sufu. Baba yake, Thoya, alilinunua Malindi kwa mhudumu wa hoteli, la kuvaa kwenye baridi ya Uingereza, kisha akalipitisha nyumba kwa nyumba ili watu walishike.

Thoya alipoambiwa alikuja juu. "Nilisimama mbele za watu nikasema Uingereza! Aende. Mungu atafungua njia."

"Na akifukuzwa kabla mwaka haujaisha? Mungu huyo huyo ndiye aliyetuletea barua mbili, Baba Priscilla."

Kavumbi alifunga siku tatu akiomba, na kila alipoinuka magotini hofu ilikuwa pale pale. Jumapili akasimama kanisani, akaeleza yote. Aliyechangia Uingereza tu, akasema, aje achukue chake.

Mumbua, muuza nguo sokoni, akainuka, akaiendea meza ya mweka hazina. "Wahindi wenyewe wameacha kwao wakaja kufungua maduka Malindi, sisi tumpeleke mtoto huko?"

Watu wakacheka, na wengine wakapanga foleni nyuma yake kuchukua pesa zao. Walipokwisha, zilibaki elfu arubaini na tatu. Elfu mbili zilipelea.

Mara Kavumbi akamwona Thoya naye anaiendea meza. "Hata wewe?"

"Mimi nilitoa kwa ajili ya Uingereza," Thoya akamwambia mweka hazina, bila kumtazama mkewe. "Zangu andika Bara Hindi."

Jumatatu asubuhi akalitungua koti, akalitupia begani katika jua lile, akashika njia ya Malindi. Kavumbi alijua likiuzwa bei yake haitafika elfu mbili; akapiga magoti tena. Nje, Thoya alizipita nyumba zile zile, moja baada ya nyingine. Safari hii hakuna aliyeomba kulishika.