Kanzu ya Shemeji Idrisa

Shemeji Idrisa alishuka kwenye bodaboda amepakata sanduku kwa mikono miwili, taratibu. Mkewe, ambaye ni mdogo wangu, hajawahi kupakatwa hivyo hata siku ya harusi.

"Usiguse," akanambia kabla ya salamu.

"Waalaikumu salaam, shemeji."

Sandukuni mlikuwa na taa moja tu. Si ya kumulikia mtu, ni taa ya kiwango: mwanga wake unajulikana barabara, na vipima mwanga vingine hupimwa kwayo. Huwashwa saa chache tu kwa mwaka na kila dakika inaandikwa, isije ikachakaa. Nikamwambia hiyo taa inatunzwa kuliko sisi manesi wa zahanati ya Mtawanya. Hakucheka. Alikuwa na haraka, ilikuwa Ijumaa, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, na alitaka amalize kabla ya adhana.

Hata mimi nilikuwa natania kwa mazoea tu. Jumatatu mkaguzi alikuja na kipima mwanga chake, akakiweka juu ya kitanda cha chumba cha kujifungulia, kikasoma luksi mia tatu na themanini. Zinatakiwa mia tano. Akasema chumba kifungwe. Zahanati mbili za jirani alizozipima siku hiyohiyo zilifunga bila neno. Mimi nikabisha. Nikamwambia taa yangu mpya, labda hicho kipima chako ndicho kinachosinzia. Akanipa mpaka Jumamosi, akakiacha kipima kwangu, na Idrisa akatumwa aje akipime chenyewe. Kikiwa sahihi, nafunga. Na hapa jirani nina Nasma, mimba miezi tisa, ambaye safari iliyopita alijifungulia njiani akienda hospitali Kibiti na nusura damu immalize. Nilikuwa naogopa sana.

"Shemeji, si uandike tu kwamba kinasema uongo?"

"Taa haijui undugu, Zamda."

Alitaka chumba kiwe giza, na kuta zisirudishe mwanga hata chembe. Nikaazima mabaibui sita kwa kina mama wa kliniki, tukayatundika madirishani, mlangoni na ukutani. Kisha akanitazama mimi na sare yangu ya kazi.

"Nguo nyeupe hiyo. Itarudisha mwanga kwenye kipima, itatuharibia hesabu. Vaa baibui juu yake."

Nikavaa baibui langu juu ya sare, nimesimangwa kana kwamba nimeingia msikitini na viatu. Yeye akasimama nyuma ya taa yake, mimi akanikalisha nyuma ya kipima, mita moja mbele ya taa, nimsomee namba. Kwa umbali ule kipima kilitakiwa kusoma mia mbili na hamsini. Akaiwasha, tukangoja itulie.

"Soma."

Nikasoma. "Mia mbili na hamsini."

"Sahihi kabisa," akasema. "Pole, shemeji."

Akilini nikamwona Nasma juu ya pikipiki. Hapo kalamu yake ikadondoka, akainama kuiokota, na mbele ya macho yangu namba ikashuka hadi mia moja na tisini.

"Inama tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Inama, bwana!"

Akainama, mia moja na tisini. Akainuka, mia mbili na hamsini. Nikamwinamisha na kumwinua mara nne, mtaalamu mzima, kama mtoto wa darasa la kwanza kwenye mchakamchaka. Mara ya nne akaelewa. Akajitazama kifuani, ile kanzu inang'aa gizani kuliko ukuta uliopakwa chokaa.

"Nyani haoni kundule," nikasema. "Vua."

"Ndani nna fulana."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

Nikachomoa baibui la sita, lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, nikampa. Lilimfika magotini. Alisimama mle na ndevu zake, mkono mmoja umeshika swichi, nami nilicheka mpaka nikashika meza. Akasema nikinong'ona neno kwa mdogo wangu, tutakosana.

Tukapima mara tatu. Mia moja na tisini zote. Kipima kilikuwa kinapunja karibu robo, na kanzu ndiyo iliyokuwa ikijazia. Idrisa akapiga hesabu: mia tatu na themanini za kitandani kwangu zilikuwa, kwa kweli, mia tano. Nikapiga kigelegele ndani ya zahanati, mchana kweupe. Nasma atajifungulia hapa.

Nilipomgeukia nimtanie, hakuwa nami. Alikuwa ameshika cheti cha zamani cha kipima kile. Kinasema sahihi, na saini ni yake.

"Mwaka jana nilikipima mwenyewe," akasema. "Na nguo hiihii."

Akampigia simu mkaguzi palepale, akamwambia kosa ni lake, vyumba vyote vifunguliwe leo. Hakujitetea hata kidogo, nami nikampenda kwa hilo, nikamsamehe lile sanduku. Adhana ikaanza. Hakuinuka.

"Hizo zahanati mbili zilizofunga. Wajawazito wao wiki hii wamekwenda wapi?"

"Mmoja nilimpokea jana asubuhi. Kajifungulia njiani, mtoto yumo kwenye kanga, kitovu hakijakatwa."

"Mzima?"

"Mzima," nikasema. "Huyo niliyemwona."