Ambao Hawakuitwa

Mabior alikuwa chooni tangu asubuhi, paji la uso ameliegemeza kwenye bati, na bati lenyewe lilikuwa limeanza kuchoma. Mkojo haukutoka. Jana yalidondoka matone. Leo hata tone hakuna. Nje, mkewe Aluel alikuwa akimimina maji taratibu kutoka kopo moja hadi jingine, kwa sababu jirani alimwambia kwamba sauti ya maji huita mkojo.

"Baba Nyibol, bado?"

"Bado."

Akayamimina tena, maji yale yale, maana siku hiyo mabomba ya kambi ya Kakuma yalikuwa makavu.

Gari la wagonjwa liliwafikisha Lodwar alasiri. Dereva, kijana wa Kiturkana, alipunguza mwendo kwenye kila laga, mto mkavu wa mchanga, ili mzee asirushwe. Wodini muuguzi aitwaye Chepkemoi aliipasha joto mikono yake kwa kuisugua, akamwingiza mpira wa kutolea mkojo, kisha akageuza uso ukutani amwachie mzee heshima yake. Mfuko ukajaa. Akaumwaga, ukajaa tena. Mabior alilia kwa nafuu, wala hakujificha.

Wakachukua damu, wakampiga picha ya mgongo. Baada ya siku kadhaa daktari akavuta kiti karibu na kitanda. Alisema ni saratani ya tezi dume, na kwamba imekwisha kuingia kwenye mifupa. Akauliza kama mzee aliwahi kupimwa.

"Ndiyo," Mabior akajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Mwaka jana. Nilikuwa mzima."

Akaeleza. Kwa miaka mingi alikuwa mkalimani wa shirika moja pale kambini, akilipwa posho, kwa kuwa mkimbizi haajiriwi kama mwenyeji. Mwaka huo wa 2012 shirika lilileta watu wa kupima wanaume waliopita miaka hamsini. Wazee wa Kidinka wanaolinda mageti, wanaofagia, wanaochota maji, wote walipanga foleni. Mabior mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya benchi na kuwatafsiria maneno ya ofisi: damu itapimwa, mwenye tatizo ataitwa, asiyeitwa ajue ni mzima. Yeye hakuitwa. Alipoanza kuamka mara kwa mara usiku, alisema ni uzee. Mgongo ulipomuuma, alisema ni kitanda. Aluel aliposema waende kliniki, alimcheka. Wangeniita, alimwambia.

Daktari aliifunika kalamu yake. Chepkemoi akashika shuka lililokwisha nyooka, akalinyoosha.

Jumapili akaja Benard. Huyu alikuwa afisa wa utawala katika shirika lile, mtu wa Bomet, mpole, asiyewahi kumpandishia Mabior sauti. Alileta maziwa na fulana mpya. Aliona miguu ya mzee iko nje ya blanketi, akaifunika kabla ya kukaa. Wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Benard akasema, kwa sauti ya kumtia mtu moyo, kwamba ugonjwa huu si mwisho wa maisha, kwani hata yeye aliupata.

"Niliitwa, mzee. Ile damu tu ya mwaka jana. Nikaenda Eldoret, bima ikalipa, wakanifanyia upasuaji. Sasa niko sawa kabisa."

Mabior akamshika mkono. Alifurahi kweli, alikuwa amewajua watoto wa Benard tangu wakiwa wadogo. Halafu akauliza:

"Na damu yangu ilisema nini?"

Benard aliangalia maziwa.

"Mzee, ile bima ni ya sisi wa mkataba. Ya watu wa posho haikuwa na pesa."

"Lakini mlinitoa damu."

"Mlikuwa mmeshapanga foleni. Mmevaa mashati safi. Sasa ningewaambia aje mtoke, mbele ya watu? Niliona ni aibu kwenu. Nikasema wawatoe tu."

"Ikaenda wapi?"

"Ilikaa kwa friji. Halafu ikachomwa na takataka zingine za kliniki."

Mabior alikumbuka soda aliyopewa siku ile, na pamba aliyobandikwa mkononi. Alikuwa amekaa na ile pamba hadi jioni.

"Na yale maneno nilisema juu ya benchi?"

"Hayo yalikuwa ya wafanyakazi wa mkataba, mzee. Wewe ukatafsiria wote."

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Benard akasogeza kiti, akaanza kusema harakaharaka. Alikuwa ameongea na daktari. Kulikuwa na njia mbili za kuuzuia ugonjwa kwa muda: sindano za kuzima homoni za kiume kila baada ya miezi mitatu, ghali, ambazo hakuna anayemlipia mkimbizi, au kukatwa korodani, mara moja, na hilo lingelipiwa. Mabior alipokuwa kijana alizoea kushika miguu ya nyuma ya madume ya ng'ombe huku baba yake akiyafanyia hivyo. Alifumba macho.

"Sindano nitazitafutia njia," Benard akasema. "Nitaingia kwa wakubwa mwenyewe. Lakini hii maneno ibaki kati yetu. Wale wengine wakisikia watajaa pale getini, na ikifika hapo hata wewe sitaweza kukusaidia. Unanielewa, mzee?"

Mabior alielewa. Hata Aluel, aliyekaa sakafuni na Kiswahili chake kidogo, alielewa.

Alirudi Kakuma na mpira umefungwa pajani. Wazee wakaja kumjulia hali, wakakaa juu ya madumu yaliyopinduliwa. Jok, mlinzi wa stoo, aliutazama mfuko wa mkojo akasema sisi tunapigania bomba na majirani, wewe umewekewa lako mwenyewe. Wakacheka, na Mabior naye akacheka mpaka mgongo ukamkata. Aluel aliwagawia chai. Ndipo Jok, aliyedhani Mabior aliitwa, akashukuru Mungu kwamba wao hawakuitwa. Alisema siku hizi naye anasimama sana chooni, lakini basi, ni miaka.

Aluel akamwangalia mumewe. Hakumpa ishara yoyote. Alikaa tu karibu naye, bega kwa bega.

Mabior akawaambia yote, kwa Kidinka, polepole, kama alivyozoea kutafsiri.

Jok aliweka kikombe chini.

"Nani alituambia tuko wazima?"

"Shirika."

"Mimi shirika silielewi lugha yake. Nauliza nani alituambia."

"Ni mimi," Mabior akasema.

Wakaondoka mmoja mmoja. Jok hakumpa mkono.

Asubuhi yake Mabior alijikongoja hadi kwenye geti la shirika. Wazee walikuwa wamefika kabla yake. Hawakupiga kelele wala kushika mawe. Walikuwa wamesimama kwenye mstari kama mwaka ule, na kila mmoja alikuwa amekunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko. Walio mbele walikuwa wamepenyeza mikono kati ya vyuma vya geti, mishipa juu, wakiwapa walio ndani.

Benard akatoka ofisini. Alipomwona Mabior alitikisa kichwa, bila hasira, kama baba ambaye mtoto wake amevunja chombo. Ya sindano hakuyataja tena. Alisimama hatua chache nyuma ya geti, mahali mikono ile isipofika.

"Mzee," alisema, "waambie warudi nyumbani. Waambie wataitwa."

Nyuso zote zikamgeukia Mabior. Safari hii hakuyatafsiri. Mkojo ulikuwa ukishuka wenyewe ndani ya mpira, wa moto, kwenye paja lake. Mlinzi aliyekuwa zamu alianza kuisukuma mikono nje, mmoja baada ya mwingine, taratibu, maana ilikuwa ya wazee aliowafahamu. Alipofika kwa Jok, mkono ulishika chuma na haukutoka.